Siti binti Saad na Santuri Zake

Mtu asimamaye Kamanga asubuhi na kutazama upande wa mashariki huyaona maji ya Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo ya maji huviona vilima vya mawe na nyumba za mji. Kivuko huja na kurudi, kimebeba watu, magari, magunia na samaki. Na watu wanapovuka, mara nyingi redio au simu ya abiria mmoja huimba, na katika nyimbo hizo mna taarabu. Watu husikiliza wala hawageuzi vichwa. Sauti ya mtu asiyekuwapo si ajabu tena.

Zamani ilikuwa ajabu kubwa. Katika nchi ya Wasukuma, kama katika nchi zote za Afrika, wimbo ulikaa kifuani mwa mwimbaji. Wachezaji wa Bagika na wachezaji wa Bagalu walipokutana kushindana, watu walitoka vijiji vya mbali wakaenda kwa miguu, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumsikia mwimbaji ila kwenda alipo. Mwimbaji alipokufa maneno yake yaliweza kubaki, kama wapo waliojifunza. Lakini sauti yake ilikwenda naye kaburini, wala mjukuu wake hakuweza kujua kama ilikuwa nyembamba au nene, ya ukali au ya upole.

Habari hii ni ya mwanamke ambaye sauti yake haikwenda naye kaburini. Jina lake ni Siti binti Saad, wa Unguja.

Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini wa kisiwa. Walioandika maisha yake husema kwamba baba yake, Saadi, alikuwa wa kabila la Wanyamwezi, na mama yake Mzigua. Basi asili yake upande wa baba ilikuwa Tabora, nchi ya jirani zao Wasukuma. Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Leo jina hilo huumiza sikio, lakini ni lazima kukumbuka ulikuwa wakati gani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko si kumwacha mtu huru. Sheria ya kuondoa utumwa wenyewe haikutolewa Unguja mpaka mwaka 1897. Mtoto huyo wa Fumba alipata miaka kumi na saba hivi kabla ya sheria hiyo. Jina lake lilimwambia kila mtu, kabla hajafungua kinywa, kwamba yeye ni wa watu wa chini.

Shule hakupelekwa. Alifundishwa na mama yake kazi ya mikono, yaani kufinyanga vyungu. Ni kazi inayojulikana vyema kandokando ya Ziwa pia: kuchimba udongo, kuuponda, kuuchanganya na maji, kuufinyanga, kuukausha kivulini na kuuchoma. Vyungu vilipokuwa tayari alivichukua kichwani akaenda kuviuza. Na kwa kuwa muuzaji anyamazaye hurudi na mzigo wake, alikuwa akiimba njiani ili watu wajue amefika. Husimuliwa kwamba wanunuzi waliitambua sauti hiyo kabla ya kumwona mwenyewe. Pengine wengine walinunua chungu wasichokihitaji.

Mwaka 1911 aliacha shamba akahamia mjini. Hakukaa katika majumba ya mawe yenye milango ya nakshi. Watu maskini walikaa upande wa pili wa hori ya maji ya bahari, mahali palipoitwa Ng'ambo. Watu wa Kamanga hawana haja ya kuelezwa neno hilo. Wao nao huitwa watu wa ng'ambo na wenye kukaa mjini.

Wakati huo taarabu ilikwisha kuwako Unguja, lakini haikuwa ya watu wa Ng'ambo. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyependa muziki wa Misri ukaletwa katika jumba lake, naye alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Kairo ajifunze kupiga kanuni, chombo chenye nyuzi nyingi kinachowekwa magotini. Mwaka 1905 ilianzishwa jamii ya wapigaji iitwayo Ikhwani Safaa. Wanachama wake walikuwa wanaume, na nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Watu waliokaa kusikiliza walikuwa wengi, lakini waliofahamu kila neno walikuwa wachache. Mtu wa kawaida alisikia muziki mtamu kama asikiavyo mvua juu ya bati: sauti nzuri isiyomwambia neno.

Mmoja wa wapigaji hao, Ali Muhsin, alimsikia yule mwuza vyungu akiimba, akaona kwamba ana kipaji kikubwa kuliko kazi yake. Akamfundisha kuimba kwa kufuata vyombo, na kutamka vyema. Baadaye akapata wenzi, nao wakawa kundi: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku Talsamu, ambaye alikuwa kipofu. Katika kundi la namna hiyo hapana mtu anayesimama mbele na kijiti akiwaongoza wenzake, kama ifanyavyo bendi kubwa ya Ulaya. Udi na fidla hutangulia, dumbaki hutunza mwendo, na wote husikilizana. Mwimbaji akitaka kukaa juu ya neno moja kidogo zaidi, wapigaji humngojea. Hukutana nyumbani, hujaribu wimbo, hulaumiana, hujaribu tena. Nyimbo zao nyingi zilizaliwa hivyo, katika mazungumzo ya jioni, mtu mmoja akileta habari ya mtaani na mwingine akiitafutia vina.

Na walizitunga kwa Kiswahili. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya Siti, tena si kwamba maneno ya Kiswahili ni matamu kuliko ya Kiarabu. Ni kwamba sasa mchukuzi wa bandarini, mpishi, dobi na mwuza samaki walisikia taarabu wakafahamu. Aliimba katika jumba la Sultani, na aliimba harusini Ng'ambo. Huku na huku wimbo ulikuwa uleule.

Jina la Mtumwa likaachwa. Watu wakamwita Siti, na maana yake kwa Kiarabu ni bibi mwenye heshima.

Si kila mtu alifurahi. Mwanamke kuimba mbele ya wanaume lilikuwa jambo la kusemwa, na mwanamke wa shamba kupata sifa mjini lilikuwa jambo la kusemwa zaidi. Wenye wivu walimtungia wimbo wa kumdhihaki: alikuwa nani jana, wakamkumbusha alivyotoka shamba, wakamcheka kwa sura yake na umaskini wake. Siti hakwenda barazani kwa mkuu kushitaki. Alijibu kwa wimbo. Alisema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba uzuri wa sura na ukoo si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili na tabia. Wanaoyajua mashindano ya nyimbo ya Usukuma wataona kwamba hapa Siti alifanya kama afanyavyo manju mzuri anapotukanwa na kambi ya pili: hakasiriki mbele ya watu, bali husubiri zamu yake.

Wala hakuimba habari zake peke yake. Wimbo mmoja unaojulikana hata leo unaitwa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, mgeni, akauawa na mtu aitwaye Kijiti. Mwuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Wenyeji wa marehemu, nao ni wanawake wawili, walikwenda barazani kutoa ushahidi, na mwisho wa shauri ni wao walioadhibiwa, kwa sababu ya habari ya ulevi iliyoingia katika ushahidi wao. Gazeti lingaliweza kuandika hayo, lakini watu wa Ng'ambo wengi hawakusoma magazeti. Walimsikia Siti. Hivyo hukumu waliyoiona kuwa si ya haki ikaimbwa mbele ya watu ambao wasingaliweza kumwuliza hakimu neno hata moja.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai. Waliitwa na kampuni ya gramafoni ya Waingereza, ile ambayo alama yake ilikuwa picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Kampuni ilikuwa na vyombo vyake Bombay, na ilikwisha kuona kwamba watu wa Unguja na Mombasa walinunua santuri za Misri na za Bara Hindi. Ikawaza kibiashara: ikiwa wananunua nyimbo za lugha wasiyoifahamu, je, ya kwao wenyewe?

Hapa inafaa kueleza jinsi santuri ilivyofanywa, kwa maana watoto wa siku hizi wameona simu tu, na katika simu hapana kitu cha kuonekana kikizunguka.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukiweka mkono juu ya ngozi ya ngoma wakati inapopigwa utausikia mtikisiko huo kwa kiganja. Katika miaka ya kwanza mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa ya bati. Mwisho wa pembe palikuwa na kiwambo chembamba, na kwenye kiwambo palifungwa sindano. Sauti ilitikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa sindano, na sindano ikachora mfuo katika sahani ya nta iliyokuwa ikizunguka. Chombo hicho hakikutumia umeme kuishika sauti, basi kilishika sauti kubwa tu. Sauti ndogo ilipita kama upepo.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokwenda Milan, katika nchi ya Italia, mwezi wa Aprili 1902, ikamchukua Enrico Caruso, mwimbaji kijana wa michezo ya kuigiza ya nyimbo, akaimba nyimbo 10 mbele ya pembe katika chumba cha hoteli, kwa malipo ya pauni 100. Sauti yake ilikuwa nene, yenye nguvu, ikaifaa pembe. Lakini si wote waliofurahi na chombo hicho. Mwitalia mwingine, Arturo Toscanini, mwana wa mshona nguo wa Parma, alikuwa kiongozi wa wapiga vyombo aliyesifiwa kuliko wote wa siku zake. Yeye alishika muziki wote moyoni, maana macho yake yalikuwa mabovu, hakuweza kusoma karatasi iliyo mbali. Mwezi wa Desemba 1920 alitia nyimbo katika santuri kwa mara ya kwanza, huko Camden, Marekani. Wapigaji wake walisongwa katika chumba kidogo mbele ya pembe, mtu bega kwa bega na mwenzake, na muda mfupi wa santuri ukikata muziki. Mtu aliyezoea kuona kila mpigaji katika nafasi yake hawezi kupenda hayo, naye hakuyapenda. Kwa miaka mingi baadaye aliendelea kuzichukia santuri, ingawa hatimaye alitia nyingi sana, na watu wa leo wanamjua kwa hizo.

Siti alikuja wakati mzuri zaidi. Tangu mwaka 1925 makampuni yalikuwa yameanza kuacha pembe na kutumia maikrofoni, chombo kinachogeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Umeme huo ulitiwa nguvu, kisha ndio ulioisukuma sindano. Hata mkwaruzo wa ukucha juu ya uzi wa udi uliweza kushikwa.

Lakini nta ilibaki nta. Kosa halikuweza kufutwa. Mpigaji akikohoa, au mwimbaji akisahau neno, sahani ile ilikuwa kazi bure, na ilipasa kuanza tena kwa nta mpya. Tena upande mmoja wa santuri ulichukua dakika 3 tu na kidogo. Taarabu ya harusini ilikuwa haina haraka. Ubeti ulirudiwa, msikilizaji akainuka kwenda kutunza, wapigaji wakamngojea. Sasa kundi lilipaswa kukata, kuchagua beti, au kuugawa wimbo nusu upande huu na nusu upande wa pili. Hapakuwa na watu wa kuitikia, wala wa kupiga vigelegele. Chumba kilikuwa kimya. Mtu aliyejifunza kuimba njiani, akiwatazama wanunuzi wa vyungu usoni, sasa aliimba mbele ya kitu kisicho na uso. Wanafunzi wa kwaya wanaojua tofauti ya kuimba mbele ya watu na kuimba katika darasa tupu wataweza kukisia ugumu wake.

Sahani ya nta ilipokwisha kuchorwa, ilipakwa madini, na kutoka kwake ikatengenezwa sahani ya chuma yenye mifuo iliyogeuzwa, kama muhuri. Kwa muhuri huo santuri nyingi zilipigwa, si kwa nta, bali kwa ulimbo mgumu unaotokana na wadudu wadogo wakaao juu ya miti ya Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Santuri ilikuwa nyeusi, nzito, na ikianguka ilivunjika kama chungu. Mwenye gramafoni aliizungusha kamani kwa mkono, akaweka santuri, akaishusha sindano, na santuri ikazunguka mara 78 kwa dakika. Sindano nayo ilichakaa upesi; ilipasa kubadilishwa mara kwa mara ili isiharibu mifuo.

Santuri hizo zilifika Unguja, zikauzwa kwa maelfu. Ziliuzwa pwani yote, na kutoka pwani zikaingia bara. Kampuni iliita kundi tena, na kampuni nyingine zikaingiwa na tamaa, zikaleta vyombo vyao Afrika ya Mashariki zitafute waimbaji. Katika mikahawa ya mjini mwenye gramafoni aliiweka barazani, na mtu aliyenunua kikombe kimoja cha kahawa alisikia wimbo mzima pamoja na wenzake ishirini waliosimama nje bila kununua kitu. Kwa njia hii mtu asiyepata kumwona Siti maishani mwake aliweza kumjua. Watu wengine walianza hata kuyaiga matamshi yake, na Kiswahili cha Unguja kikapata walimu wasio na mishahara.

Hata katika mwaka uleule wa 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Kabla ya hapo bidhaa za pwani nyingi zilizunguka kwa reli ya Kenya hata Kisumu, kisha zikapakiwa katika meli za Ziwa. Sasa sanduku lililopakiwa Dar es Salaam liliweza kufika ukingoni mwa ghuba bila kuvuka mpaka wala ziwa, na toka hapo hata Kamanga ni mwendo wa mtumbwi tu. Njia aliyoipita babu wa watu wa Siti kwa miguu, kutoka Unyamwezi mpaka baharini, mwenye kuchukua mizigo au mwenye kuchukuliwa yeye mwenyewe, sauti ya mjukuu iliweza kuirudi ndani ya sanduku la mbao.

Siti hakuwa tajiri kwa kazi hiyo. Makampuni ndiyo yaliyopata faida kubwa, na wenye maduka. Alizeeka Unguja. Katika siku zake za mwisho Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga, alikwenda kumwuliza habari za maisha yake, akaandika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu kinachofaa kusomwa, ingawa mwandishi hupenda kusimama njiani kutoa mawaidha, na msomaji mwenye haraka atatamani arudi kwa bibi mwenyewe. Bila kitabu hicho tungalikuwa na sauti yake bila habari zake.

Alikufa tarehe 8 Julai 1950. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kuingia katika njia aliyoifungua. Mmoja wao, Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, aliimba hata uzee mkubwa, akafa mwezi wa Aprili 2013.

Santuri nyingi za 1928 zimevunjika. Nyingine zilitumika mpaka mifuo ikalika, zikabaki na mlio tu. Lakini baadhi zimehifadhiwa, na nyimbo zake zimehamishwa katika vyombo vya siku hizi. Mtu akizisikiliza husikia kwanza mkwaruzo, kama mtu anayefagia uwanja wa changarawe. Kisha fidla huingia, na udi, na dumbaki. Halafu mwanamke huanza kuimba, sauti yake nyembamba na ya juu, akitamka kila neno mpaka mwisho wake. Na dakika tatu zinapokaribia kwisha wapigaji huongeza mwendo kidogo, maana nta ilikuwa inakwisha.